Jirani Yako Yuko Kwenye Mfumo Uleule. Nini Kinamzuia Kuona Hesabu Zako?

Wiki chache zilizopita mteja wetu mmoja alitupigia simu na swali ambalo, kusema kweli, tulifaa kulijibu hapa zamani. Ana duka la vifaa vya ujenzi, hadiwea ya kawaida: saruji, mabati, misumari, rangi. Ng'ambo ya barabara kuna hadiwea nyingine, na wote wawili wanapokea malipo kupitia mfumo wetu. Kijana wake anayesomea kompyuta alikuwa amemwambia kwamba kampuni kama yetu huweka rekodi za wateja wote ndani ya hifadhidata moja.

"Ni ukweli?" akauliza.

Tukamwambia ndiyo, ni ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sasa mimi na yule jamaa wa ng'ambo, hesabu zetu ziko kitabu kimoja? Ni nini kinamzuia kufungua ukurasa wangu?"

Hilo si swali la mchezo. Ndani ya rekodi zake kuna bei anazowapunguzia mafundi wanaonunua kwa wingi. Kuna nambari zao za simu. Kuna orodha ya wanaodaiwa, na kuna mauzo ya kila siku. Jirani akiyaona hayo kwa nusu saa tu, atajua ni fundi gani wa kumpigia simu na ampunguzie shilingi ngapi.

Kwa hivyo leo tunalijibu kwa upana. Tutaeleza kwa nini rekodi zenu ziko pamoja, zinatenganishwa aje, wapi sisi wenyewe tuliteleza, na maswali ambayo unafaa kumuuliza yeyote anayekuwekea rekodi, tukiwemo sisi.

Boma, ploti ama stoo

Wataalamu wa mifumo huwaita wateja wanaotumia mfumo mmoja "wapangaji", na neno hilo linatufaa. Kuna njia tatu hivi za kuwapangisha.

Ya kwanza ni kumpa kila mpangaji boma lake: hifadhidata yake mwenyewe, wakati mwingine hata seva yake. Uzio wake, geti lake. Jirani akiharibu mambo, uharibifu unabaki kwa jirani. Shida ni gharama. Biashara elfu moja ni hifadhidata elfu moja za kulinda, kuwekea nakala rudufu na kurekebisha moja baada ya nyingine, na mwisho wa siku gharama hiyo inaingia kwenye ada unayolipa.

Ya pili ni ploti ya vyumba. Jengo ni moja, lakini kila mpangaji ana chumba chake na kufuli yake. Hifadhidata ni moja, ila kila biashara ina majedwali yake ya malipo, ya wateja na ya madeni. Ni nafuu kuliko boma. Lakini vyumba vikifika maelfu, hata keateka anachoka: badiliko dogo la jedwali moja linabidi lirudiwe chumba kwa chumba, na kuna siku chumba kimoja kitasahaulika.

Ya tatu ni stoo ya pamoja. Fikiria ghala la mahindi ambamo wakulima wengi wameweka magunia yao. Ndani hakuna kuta. Kila gunia lina alama ya mwenyewe, na karani anakutolea gunia lako kwa kusoma alama hiyo. Katika hifadhidata ya namna hii majedwali ni yaleyale kwa wateja wote, na kila mstari umeandikwa ni wa biashara gani.

Kwa wateja wetu wengi tunatumia njia hii ya tatu, na hatuoni sababu ya kuificha. Ndiyo inayomwezesha mama mboga kutumia mfumo uleule wa supamaketi bila kulipia seva yake. Tena, kama umewahi kulipa bili kwa Paybill, tayari unaielewa. Paybill ni moja, watu maelfu wanalipa hapo, na kinachotenganisha pesa yako na ya mwingine ni nambari ya akaunti uliyoandika. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwa mtu mwingine kabisa. Hakuna aliyeiba. Alama ndiyo imekosewa.

Hapo ndipo hatari ya stoo ya pamoja ilipo: kila kitu kinategemea alama isomwe, kila mara, bila kukosa.

Maneno matatu yanayosahaulika

Hebu tuchungulie ndani. Jedwali la malipo, tukilifupisha, linakaa hivi:

Biashara 204: saa 3:10 asubuhi, shilingi 4,500, mabati
Biashara 391: saa 3:11 asubuhi, shilingi 780, misumari
Biashara 204: saa 3:15 asubuhi, shilingi 1,200, rangi

Biashara 204 ni wewe. Biashara 391 ni jirani. Unapofungua ukurasa wa mauzo kwenye simu, programu yetu inaiuliza hifadhidata swali. Swali sahihi ni: "Nipe malipo yote ya leo ya biashara 204." Swali lenye kosa ni: "Nipe malipo yote ya leo."

Tofauti ni maneno matatu tu. Na ubaya wa swali la pili ni kwamba halivunji kitu. Ukurasa haugomi, hakuna onyo jekundu, jibu linakuja haraka na limepangwa vizuri. Ila malipo ya biashara 391 yako ndani yake.

Kosa hili pia hujificha vizuri wakati wa kutengeneza programu. Fundi anayejaribu kazi yake mara nyingi ana duka moja tu la mfano kwenye kompyuta yake. Kukiwa na duka moja, maswali yote mawili yanaleta jibu lilelile. Anaridhika, anaenda nyumbani. Kosa litaonekana siku kutakuwa na maduka mawili, yaani siku liko mbele yenu.

Mfumo kama wetu una maswali ya namna hii mamia: ukurasa wa mauzo, ripoti ya mwezi, risiti, marejesho, utafutaji wa jina la mteja. Maneno hayo matatu yanatakiwa kuwemo kwa kila moja. Kumwambia fundi "usisahau" ni kama kumwambia konda asisahau kurudisha chenji. Atakumbuka mara nyingi sana, na siku moja matatu ikijaa atasahau.

Siku tuliyosahau sisi

Tunalisema hili kwa sababu lilitupata. Tulikuwa tumeongeza ripoti mpya ya marejesho, ile inayoonyesha pesa zilizorudishwa kwa waliolipa zaidi ama waliolipa kimakosa. Mhasibu wa shule moja ya bweni akaipakua ili aoanishe karo. Kati ya majina ya wazazi wake akakuta mistari saba asiyoielewa. Viwango havikufanana na karo, na majina hayakuwa ya wazazi.

Mistari ile ilikuwa ya kliniki moja iliyoko mji uleule. Na kwa sababu mtu anapolipa huandika maelezo anayotaka, baadhi ya mistari ilikuwa na maelezo ya vipimo vilivyolipiwa. Mhasibu alilitambua jina moja. Alikuwa mwalimu mwenzake.

Mama yule alifanya jambo la heshima. Hakumwambia mtu, hakusambaza faili, alitupigia simu palepale. Mazungumzo yenyewe hayakuwa marefu. Alisema: "Hii haikufaa kunifikia mimi." Tulikosa la kujibu.

Tuliifunga ripoti ile ndani ya saa hiyo. Siku hiyohiyo tukamweleza mwenye kliniki ni mistari gani iliyotoka, ilimfikia nani na imefutwa aje. Kwa sheria yetu hilo si hisani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema kwamba anayehifadhi data kwa niaba ya mwingine, kama sisi tulivyokuwa kwa kliniki, anatakiwa kumjulisha mwenye jukumu ndani ya saa 48 inapowezekana. Naye mwenye jukumu, pakiwa na hatari ya kweli ya madhara kwa mhusika, anamjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue, na kumwarifu mhusika mwenyewe. Tuliisaidia kliniki kuandika ile taarifa. Yule mwalimu alikuwa na haki ya kujua, ingawa kumwambia kulikuwa kugumu kwa kila mtu.

Tulipotafuta chanzo, tukayakuta maneno matatu yamekosekana kwenye swali moja. Aliyeliandika ni fundi mzuri, na aliyelikagua pia ni mzuri. Wote wawili walilisoma wakaliona sawa. Tukakubaliana kwamba siku nyingine kosa kama hilo likitokea, na litatokea, lisitoe data ya mtu nje. Haya ndiyo tuliyobadilisha.

Kufuli imehamia kwenye hifadhidata

Awali programu ndiyo iliyokuwa ikisoma alama. Hifadhidata ilikuwa karani mtiifu anayetoa gunia lolote aliloagizwa. Sasa karani mwenyewe ana sheria. Hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo hutumiwa na mifumo mingi duniani, ina uwezo huu tangu toleo la 9.5 lililotoka mwaka 2016: unaweza kuandika kanuni juu ya jedwali inayosema mistari gani inaonekana kwa nani, na kanuni hiyo inatumika kwa kila swali, hata lile lililoandikwa vibaya.

Kwa hivyo kabla ya kuuliza chochote, programu inatangaza: "Sasa hivi namhudumia biashara 204." Baada ya hapo, fundi akisahau maneno yale matatu na kuuliza "Nipe malipo yote ya leo," atapata ya biashara 204 peke yake. Na je, akisahau hata kutangaza? Kanuni yetu imeandikwa hivi kwamba bila tangazo hakuna mstari unaotoka. Utaona ukurasa mtupu, utakasirika, utatupigia simu. Afadhali simu hiyo kuliko ile ya mhasibu.

Kufuli hii ina mambo mawili ambayo mtu akiyapuuza anabaki na kufuli ya picha. Kwanza, katika PostgreSQL mwenye jedwali haguswi na kanuni hizi mpaka uamuru waziwazi zimguse naye, na msimamizi mkuu wa hifadhidata hazimgusi kabisa. Kwa hivyo programu yetu haiingii kwa jina la mwenye jedwali wala la msimamizi. Inaingia kwa jina lenye uwezo mdogo.

Pili, programu haifungui njia mpya ya mawasiliano na hifadhidata kwa kila mteja. Njia ni chache na zinatumiwa kwa zamu, kama boda za stejini. Ukimshusha abiria wa kwanza na mzigo wake ubaki nyuma, abiria wa pili ataondoka nao. Vivyo hivyo, tangazo la "biashara 204" likibaki kwenye njia baada ya kazi yako kuisha, anayefuata ataona mauzo yako. Tangazo letu linakufa lenyewe kazi moja inapokamilika. Halingoji mtu akumbuke kulifuta.

Alama haitoki kwa anayeuliza

Jambo la pili ni nani anayesema wewe ni biashara 204. Kuna mifumo inayosoma nambari hiyo kwenye anwani ya ukurasa, pale juu ya kivinjari. Mtu anabadilisha 204 kuwa 391, anabonyeza, na yuko kwa jirani. Mambo haya yamewapata wakubwa. Mwezi Mei 2019 mwandishi wa masuala ya usalama Brian Krebs alifichua kwamba tovuti ya kampuni ya First American ya Marekani, inayoshughulikia hati za ununuzi wa nyumba, ilikuwa imeacha wazi takriban faili milioni 885. Nambari za hati zilifuatana. Aliyekuwa na kiungo cha hati moja aliweza kubadilisha tarakimu na kusoma hati ya mtu mwingine, bila hata kuulizwa nywila.

Na si kampuni moja. Shirika la OWASP, ambalo hutoa orodha ya hatari kubwa za programu za mtandao, liliweka udhaifu wa aina hii, wa mtu kufikia asichoruhusiwa, nafasi ya kwanza kwenye orodha yake ya mwaka 2021.

Kwetu, nambari ya biashara inatokana na akaunti uliyoingilia, na inatunzwa upande wa seva. Chochote utakachoandika kwenye anwani hakibadilishi wewe ni nani. Nambari za risiti pia hazifuatani tena, ili mtu asiweze kubahatisha inayofuata. Lakini nambari ngumu kubahatisha haitoshi peke yake. Hata ukiipata risiti ya jirani kwa njia nyingine, mfumo bado unauliza: hii ni ya nani, na wewe ni nani?

Milango ya nyuma

Hifadhidata ikishafungwa, data bado ina njia nyingine za kutoka. Tulizitafuta moja moja.

Kuna nakala za muda. Ili kurasa zifunguke haraka, mfumo huhifadhi ukurasa uliokwisha kutengenezwa ili usitengenezwe upya. Ukurasa wa kila mtu, kama orodha ya ada zetu, hauna neno. Ukurasa wako wa mauzo ukihifadhiwa bila alama yako, anayefuata anaweza kupewa huohuo. Siku ya Krismasi ya 2015 duka la michezo ya kompyuta la Steam lilipatwa na hili. Mpangilio wa nakala za muda ulikosewa, na baadhi ya watumiaji wakafunguliwa kurasa za wenzao zenye barua pepe na historia ya ununuzi. Kampuni ya Valve inayolimiliki ilisema waliohusika ni takriban 34,000. Kwetu sasa nakala ya ukurasa wa mteja haihifadhiwi bila nambari ya biashara kuwa sehemu ya jina lake.

Kuna kazi za usiku. Ripoti za mwisho wa mwezi hutengenezwa saa nane usiku na programu ambayo hakuna mteja aliyeingia. Hiyo nayo inatangaza biashara moja, inamaliza, ndipo inatangaza nyingine. Haipiti juu ya stoo nzima kwa mpigo mmoja.

Na kuna ujumbe wa makosa, ambao ulitushangaza sisi wenyewe. Zamani mfumo wetu haukuruhusu nambari moja ya simu isajiliwe mara mbili katika jedwali lote la wateja. Ilionekana busara. Lakini fikiria yule jamaa wa ng'ambo anamsajili fundi mpya, na mfumo unamjibu: "Nambari hii tayari imesajiliwa." Yeye hajaisajili. Basi ni nani? Bila kuona mstari hata mmoja, amejua fundi huyo ni mteja wa mtu mwingine, na mji ni mdogo. Kanuni za kuficha mistari hazizuii hili, kwa sababu ukaguzi wa kutorudia hutazama jedwali zima. Tulirekebisha: nambari haijirudii ndani ya biashara moja, na biashara nyingine haihusiki.

Maduka mawili ya uongo

Tunajuaje kwamba haya yote yanafanya kazi? Tumefungua maduka mawili ya uongo ndani ya mfumo wa majaribio, kila moja na mauzo yake. Kila mara fundi anapobadilisha chochote, programu ya ukaguzi inaingia kama duka la kwanza na kujaribu kila mlango wa duka la pili: kusoma risiti, kupakua ripoti, kurekebisha deni, kutafuta jina, kuandika malipo kwa alama ya mwenzake. Jaribio moja likifaulu, badiliko hilo haliendi kwenu. Ukurasa mpya usiokuwa na majaribio haya nao hauendi.

Upande wa watu tumebana pia. Mfanyakazi wa huduma kwa wateja haoni biashara yoyote mpaka kuwe na ombi lako lililofunguliwa. Akiingia, jina lake, saa na alichofungua vinaandikwa, na unaweza kutuomba orodha hiyo.

Kuna mambo ambayo stoo ya pamoja haiwezi, na ni haki uyajue. Ukifuta rekodi zako kwa bahati mbaya, kuzirudisha kunachukua muda, kwa sababu nakala rudufu ni ya wote na tunalazimika kuchambua mistari yako peke yake. Pia mteja mkubwa akiendesha ripoti nzito, wengine wanaweza kuhisi mfumo umepungua kasi, ingawa tumeweka viwango vya kumzuia asimalize nguvu zote. Kwa wanaohitaji zaidi ya hapo, kama hospitali na sacco kubwa, tunaweza kuwajengea boma lao. Bei yake ni ya juu.

Upande wako wa mlango

Hapa tuongee kama watu wanaojuana. Kufuli zetu zote zinategemea kitu kimoja: anayeingia kama biashara 204 awe ni biashara 204 kweli.

Mpe kila mfanyakazi akaunti yake. Ukiwa na nywila moja ya duka zima, hata sisi hatuwezi kukuambia nani alifungua nini. Akiacha kazi, ifunge akaunti yake siku hiyohiyo, hata kama mmeachana vizuri.

Chunga faili unazopakua. Ripoti ikishatoka kwenye mfumo na kuingia kwenye kundi la WhatsApp, hakuna kanuni ya hifadhidata inayoifuata huko.

Waambie wateja wako wasiandike mambo ya ndani kwenye maelezo ya malipo. Kama una kliniki, nambari ya mgonjwa inatosha. Kisichoandikwa hakivuji.

Na ukiona kwenye akaunti yako jina, nambari ama kiasi usichokijua, usikisambaze hata kwa kuuliza. Tupigie, tuambie ni ukurasa gani na saa ngapi, na ungoje maelekezo yetu kabla ya kufuta.

Maswali ya kumuuliza anayekuwekea rekodi

Uwe unatumia mfumo wetu, programu ya kodi za nyumba, ya chama ama ya shule, maswali haya yanafaa:

1. Rekodi zangu ziko kwenye majedwali ya pamoja ama peke yake? Mtu mkweli atakujibu kwa sentensi moja.

2. Fundi wenu akisahau kutaja biashara yangu kwenye swali, nini kinatokea? Jibu unalotaka ni "hakuna kinachotoka". Jibu la "mafundi wetu hawasahau" linafaa kukutia wasiwasi.

3. Nikibadilisha nambari kwenye anwani ya ukurasa nitaona nini? Muulize akuonyeshe kwa akaunti zake za majaribio. Usijaribu mwenyewe kwenye akaunti za watu, hilo ni kosa kisheria.

4. Ni nani kwenu anaweza kufungua rekodi zangu, na je, inaandikwa anapofungua?

5. Data yangu ikimfikia mtu mwingine, mtaniambia baada ya muda gani? Sheria imeshataja saa. Sikiliza kama anazijua.

Yule mteja wetu wa hadiwea tulimweleza haya yote kwa simu, na wiki iliyofuata akaja ofisini na kijana wake. Tukawafungulia yale maduka mawili ya uongo. Kijana alijaribu kwa karibu saa nzima kutoka duka la kwanza hadi la pili, baba amekaa nyuma yake na chai. Hakufika. Alipochoka, mzee alituuliza swali moja la mwisho: nywila ya duka inabadilishwa wapi?

Tukamuuliza kwa nini. Akasema kijana aliyekuwa akimuuzia dukani aliacha kazi mwezi wa nane, bado anaijua, na siku hizi ameajiriwa ng'ambo ya barabara.

Tulimwonyesha. Nawe ukitaka kubadilisha ya kwako, fungua Mipangilio, kisha Watumiaji. Ukikwama, dawati letu la wateja liko tayari kukusaidia.